Vihenge vimejaa, watoto wamedumaa: miaka 40 ya mizani ya Iringa

Wageni wengi wanaofika Kalenga, kilomita 15 hivi kutoka Iringa mjini, huja kuona fuvu. Ni la Mtwa (chifu) Mkwawa, aliyejiua Julai 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, na ambalo Gavana Edward Twining alilirudisha kwa Wahehe tarehe 19 Juni 1954. Wageni husimuliwa habari za vita vya Lugalo vya mwaka 1891 na za ngome iliyoangushwa Oktoba 1894, hupiga picha, kisha hurudi mjini kabla jua halijazama.

Nyanda hizi zina historia nyingine isiyo na makumbusho wala kiingilio. Vifaa vyake ni mizani ya kuning'iniza, kadi ya kliniki na daftari la serikali ya kijiji. Ilianza miaka ya 1980, pale wanavijiji wa Mkoa wa Iringa walipokubali watoto wao wapimwe hadharani na majibu yajadiliwe kikaoni, na ikaishia kwenye vitabu vya lishe vinavyosomeshwa duniani kote. Anayetaka kuelewa udumavu wa Iringa ya leo hana budi kuanzia hapo.

Udumavu wenyewe si siri tena. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, mtoto na malaria wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyodai. Njombe ilikuwa na asilimia 50.4, Rukwa 49.8. Wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 30. Ukiichukua orodha hiyo ukaiweka kando ya orodha ya mikoa inayovuna mahindi kwa wingi, utaona majina yaleyale yanajirudia, na hapo ndipo viongozi wengi hushika kichwa.

Mahindi hayakujaa vihenge vya Iringa kwa bahati. Katika miaka ya 1970 Serikali iliamua kwamba nyanda za kusini ndizo zitakazolisha taifa. Bei ya mazao ikawa moja nchi nzima, kwa hiyo mkulima wa Njombe au Mbozi hakuadhibiwa kwa kukaa mbali na Dar es Salaam. Mbolea ikaja kwa bei ya ruzuku, mbegu za kisasa zikaja, na Shirika la Usagishaji la Taifa likanunua hata gunia lililolimwa mwisho wa barabara mbovu. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ikawa ndiyo mikoa minne mikuu ya mahindi. Ulezi, mtama na mikunde havikutoweka, ila vilisogezwa pembeni ya shamba, na pembeni ya sahani pia. Ugali ukawa mweupe. Fedha ya gunia, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi, ikawa ya baba. Mboga ikabaki kazi ya mama.

Haingekuwa haki kusema Serikali ya wakati huo haikuwaza lishe. Iliwaza sana. Mwaka 1973 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, na mkurugenzi wake wa kwanza akawa Dk. T. N. Maletnlema, daktari aliyeyafahamu vizuri magonjwa ya unyafuzi na nyongea. Mwaka huohuo redio iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kampeni ya Mtu ni Afya. Miaka miwili baadaye ikafuata Chakula ni Uhai. Watu walikaa chini ya miti na darasani, wakasikiliza redio ya betri, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba choo au kupanda mipapai. Waliokuwa watoto enzi hizo ni wazee sasa, na wengi bado wanaukumbuka wimbo wa kampeni kuliko mafunzo yake.

Lakini redio huzungumza na wote kwa pamoja. Haiwezi kumwambia mama mmoja kwamba mtoto wake, huyu aliyembeba mgongoni, hajaongezeka uzito tangu mavuno.

Tena kijijini mtoto aliyedhoofu alikuwa na maelezo yake tayari, na maelezo hayo hayakuhusu chakula. Aliitwa amebemendwa: wazazi wamekutana kimwili kabla hajaacha ziwa, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Imani hii ipo katika sehemu nyingi za Tanzania na haijafa. Athari yake kwa mtoto mgonjwa si ndogo. Mama anayejua kwamba mwanawe mkondefu ni ushahidi dhidi yake mwenyewe hatampeleka zahanati mapema. Atamfunika khanga, atatafuta dawa ya mti usiku, atasubiri. Mtoto anapofika kwa mganga wa zahanati miguu imekwisha kuvimba na nywele zimebadilika rangi. Ninaamini huwezi kuielewa Iringa ya miaka ya 1980 bila kuielewa aibu hii, kwa sababu ndiyo iliyopigwa pigo kubwa kuliko yote.

Mwaka 1982 Italia iliyapa Shirika la Afya Duniani na UNICEF fedha za mpango wa pamoja wa kusaidia lishe katika nchi kadhaa. Tanzania ilikuwa mojawapo, na ikauchagua Mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulijumuisha na Njombe yote. Kati ya mwaka 1983 na 1984 kazi ikaanza katika vijiji 168 vyenye watoto wadogo wapatao 46,000. Taasisi ya Chakula na Lishe ilikuwa katikati ya jambo hili, pamoja na wataalamu kama Olivia Yambi, Mtanzania ambaye baadaye alikuja kuwa mwakilishi wa UNICEF nchini Kenya, na Wasweden Urban Jonsson na Björn Ljungqvist.

Wakati wenyewe haukuwa mzuri hata kidogo. Vita vya Kagera vilikuwa vimeikausha hazina, sabuni na mafuta ya kula vilipatikana kwa foleni, magari ya Serikali yalilala kwa kukosa vipuri. Mpango wa kugawa chakula au maziwa ya unga usingefika popote. Waandaaji wakachagua njia nyingine: watu wa kijiji wapime wenyewe, watafute sababu wenyewe, waamue cha kufanya kwa walichonacho, kisha wapime tena kuona kama kimefaa. Mzunguko huo wa kutathmini, kuchambua na kutenda unasikika mwepesi. Unahitaji mizani, penseli na kikao kisichoahirishwa, na kikao kisichoahirishwa ndicho kilicho kigumu kupatikana.

Kila baada ya miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku ya afya. Mizani ilitundikwa kwenye tawi au boriti ya ofisi, mtoto akavishwa kikaptura chenye kamba, akaning'inia akilia huku mama akimshika vidole. Wahudumu wawili wa afya, mwanamke na mwanamume waliochaguliwa na kijiji chenyewe, walisoma namba na kutia nukta kwenye kadi. Kadi ilikuwa na rangi tatu. Kijani, uzito unatosha. Kijivu, pana jambo. Nyekundu, mtoto yuko hatarini: uzito wake haufiki asilimia 60 ya unaotarajiwa kwa umri wake.

Jioni mama hakuachwa arudi peke yake na nukta hiyo. Idadi ya walio kwenye nyekundu ilipelekwa kwenye kamati, kisha kwenye serikali ya kijiji, na vifo vya watoto vikaorodheshwa na kuulizwa sababu. Balozi wa nyumba kumi alitakiwa kuwajua watoto wa nyumba zake. Wanaume waliozoea kujadili mbolea na ushuru wakajikuta wanajadili uji. Swali halikuwa tena mama huyu amefanya nini usiku. Lilikuwa kwa nini kitongoji hiki kina watoto watano wa nyekundu na kile hakina hata mmoja. Aibu ilihama kutoka kwa mama mmoja ikawakalia viongozi, na viongozi hawapendi kukaliwa na aibu.

Majibu yaliyotoka vikaoni yaliwashangaza hata wataalamu. Kaya nyingi zenye mtoto wa nyekundu zilikuwa na mahindi ndani. Shida ilikuwa mtoto anakula mara mbili kwa siku, tatu akibahatika. Mama anatoka alfajiri kwenda shambani, maji yako mbali, kuni ziko mbali zaidi, na mtoto ameachwa na dada yake wa miaka saba ambaye naye anasubiri kupikiwa. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja halizidi sana ngumi yake. Hata ukimshindilia ugali jioni, hawezi kufidia kutwa nzima. Halafu kuna masika, wakati palizi imepamba moto na magonjwa yamepamba moto, na ndio msimu wa ulanzi. Utomvu wa mianzi unapotiririka, vilabu hujaa, baba na mama, na moto wa jikoni huchelewa kuwashwa. Ulanzi mbichi, ule mtamu, hunyweshwa hata watoto wadogo, kwa nia njema kabisa: unashibisha na unanyamazisha.

Ndiyo maana vijiji vingi vilianzisha vituo vya kulelea na kulishia watoto wakati wazazi wako shambani. Kaya zilichanga unga, maharage na karanga, akina mama wakapeana zamu. Vilikuwa vibanda vya kawaida, na vingine havikudumu. Lakini vilimpa mtoto milo miwili ambayo nyumbani isingepikwa. Majiko ya kutumia kuni chache yalifundishwa kwa sababu hiyohiyo: kuni zikipungua, sufuria inaweza kupanda motoni mara ya nne.

Kisha kuna kimea. Hapa naomba nikae kidogo, maana ni sehemu ya historia hii inayofaa kujulikana kuliko inavyojulikana.

Uji wa mtoto una tatizo la kimaumbile. Unga wa mahindi ukipikwa hunyonya maji na kuvimba. Ukitia unga wa kutosha, uji unakuwa mzito kama ugali na mtoto mdogo anautema. Mama, kwa busara yake, anaongeza maji mpaka umezeke. Sasa bakuli limejaa na mtoto ameshiba, lakini alichokula kwa sehemu kubwa ni maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 A. C. Mosha wa Tanzania na Ulf Svanberg wa Sweden walionyesha kitaalamu jambo ambalo wapika pombe wa nyanda za juu walilijua tangu zamani: nafaka iliyochipuzwa hulegeza uji. Ulezi hulowekwa, huachwa uchipue kwa siku mbili tatu, huanikwa, kisha husagwa. Kijiko kidogo cha unga huo kikikorogwa kwenye uji mzito ulioanza kupoa, kimeng'enya kilichomo hukata wanga na uji unakuwa mwepesi mbele ya macho yako, bila kuongeza hata tone la maji. Uji hurudishwa motoni uchemke tena, kisha mtoto anameza unga maradufu au zaidi katika bakuli lilelile. Mtama nao unafaa, ila chipukizi zake zina sumu na lazima ziondolewe. Ulezi hauna shida hiyo. Katika miaka ya 1990 Wilbald Lorri, aliyekuja kuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Chakula na Lishe, alishirikiana na Svanberg kuonyesha kwamba uji uliochachushwa, ndugu wa togwa letu, unawapunguzia watoto kuhara.

Nenda leo sokoni Iringa au Mbeya uulize unga wa mtoto. Utauziwa mfuko wa “unga wa lishe” wenye mahindi, ngano, mchele, ulezi, mtama, soya, karanga, na pengine dagaa, vyote vimesagwa pamoja. Maofisa lishe wamepiga kelele kuhusu mchanganyiko huu hadi wamechoka. Nafaka tano ndani ya mfuko mmoja bado ni nafaka, hazimpi mtoto kitu ambacho moja isingempa. Soya isiyokaangwa vizuri inazuia protini isitumike mwilini. Karanga zikisagwa na kukaa huchacha mapema, na zikiwa zilianikwa vibaya huingiza sumukuvu kwenye kila bakuli. Ushauri ni unga wa nafaka moja, na karanga zilizosagwa, maziwa au yai viongezwe wakati wa kupika. Kimea, ambacho hakina mfuko wala nembo, ni nadra kukikuta dukani. Mama anayekitaka atakipata kwa mpika pombe.

Matokeo ya mpango yalikuwa makubwa. Katika vijiji vya mwanzo, watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka asilimia 56 hivi mwaka 1984 hadi takriban 38 mwaka 1988. Walio kwenye nyekundu, ambao ndio walio hatarini zaidi kufa, walishuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Wataalamu wamebishana ni kiasi gani cha mafanikio hayo kilitokana na mpango wenyewe na kiasi gani na chanjo au mavuno, na wana haki ya kubishana. Lakini nchi nyingi za Afrika zilikuwa zinaporomoka miaka hiyo, na Iringa ilikuwa inapanda bila mtu kugawa chakula cha bure. Mpango ukaenea vijiji vingine vya mkoa, kisha mikoa mingine ya Tanzania.

Mwaka 1990 UNICEF ilipitisha mkakati mpya wa lishe kwa dunia nzima. Ndani yake mna mchoro ambao kila mwanafunzi wa lishe ameuchora kwenye mtihani: juu, mtoto mwenye utapiamlo, chini yake, ulaji duni na maradhi, chini zaidi, uhaba wa chakula ndani ya kaya, matunzo hafifu ya mama na mtoto, huduma mbovu za afya na mazingira, chini kabisa, siasa na uchumi. Mchoro huo ulikomaa katika kazi ya Tanzania, na Jonsson ndiye aliyeubeba hadi New York. Kipande cha matunzo, kilichokuwa kigeni kwa wachumi wa chakula wa wakati huo, ndicho hasa vikao vya vijijini vilichokuwa vikikisema: chakula kipo, anayemlisha mtoto hayupo.

Kwa nini basi mkoa uliofundisha dunia uko mkiani? Jibu la haraka ni kwamba fedha zilikwisha, na lina ukweli wake. Wahudumu wa afya walitakiwa walipwe posho na vijiji, na vijiji vingi havikuweza. Katika miaka ya 1990 mageuzi ya uchumi yaliondoa ruzuku ya mbolea na bei moja ya mazao, uchangiaji wa gharama ukaingia hospitalini mwaka 1993, mizani ikaharibika na hapakuwa na wa kuitengeneza.

Ila kuna sababu nyingine ambayo haitajwi sana. Mizani ya Iringa ilipima uzito. Ilikuwa chombo sahihi kwa adui wa wakati ule, yaani mtoto aliyekonda hadi anakaribia kufa, na adui huyo alishindwa: nchini kote mwaka 2022 waliokonda walikuwa asilimia 3 na wenye uzito pungufu 12. Udumavu hauonekani kwenye mizani. Unaonekana kwenye ubao wa kupimia urefu, na ubao huo haukuwa sehemu ya siku ya afya ya kijiji. Mtoto anaweza kubaki kijani au kijivu miaka yote mitano, akacheka, akacheza, huku mifupa na ubongo vikinyimwa vinavyohitaji. Utafiti wa mwaka 2010, wakati Njombe ilikuwa bado ndani ya Iringa, ulikuta asilimia 52 ya watoto wa mkoa wamedumaa. Hakuna kijiji kilichoitisha mkutano wa dharura. Kila mtoto alifanana na jirani yake.

Hapo ndipo huzuka utetezi kwamba watu wa huku ni wafupi kwa asili. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vipya vya ukuaji baada ya kuwafuatilia watoto waliotunzwa vizuri Accra, Muscat, Oslo, New Delhi, Pelotas ya Brazil na Davis ya Marekani. Watoto hao, kwa rangi na koo zote walizotoka, walirefuka karibu sawasawa katika miaka mitano ya kwanza. Mtoto wa Mhehe, Mbena au Mkinga hana sababu ya kuwa nje ya hesabu hiyo. Tena nyanda hizi zina maharage, njegere, maziwa, parachichi za Njombe zinazopakiwa kwenda ng'ambo, na mboga na nyanya kando ya Ruaha Mdogo pale Kalenga. Mengi ya hayo hupanda lori.

Serikali imerudi kwenye njia ya zamani, ingawa haiiti hivyo. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, maarufu kama SALIKI, hufanyika kila robo mwaka, na mtu aliyekuwa mhudumu mwaka 1984 angeitambua mara moja. Halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato yao ya ndani. Desemba 2017 wakuu wa mikoa walitia saini mkataba wa lishe mbele ya Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, na Septemba 2022 akatia nao saini mkataba mwingine Dodoma, safari hii akiwa Rais.

Utekelezaji wa mkataba huo hufuatiliwa kwa kadi alama. Kadi hiyo nayo ina rangi tatu, kijani, njano na nyekundu, na miongoni mwa vinavyotiwa rangi ni kama ile shilingi 1,000 imetoka na kutumika. Wanaokaa kikaoni kusomewa nyekundu yao sasa ni wakurugenzi wa halmashauri na wakuu wa wilaya.